Saa za Mshauri Kwanza, Wateja Baadaye: Kukuza Ofisi ya Upangaji Fedha Dar es Salaam

Mshauri wa fedha anayejitegemea, asiye wakala wa kampuni ya bima wala mwajiriwa wa benki, akitaka kukua hukimbilia kutafuta wateja. Anafungua kurasa mitandaoni, anagawa kadi kwenye harusi, anaomba nafasi ya kuzungumza kwenye vikoba. Wateja wanakuja. Baada ya miaka miwili mitatu ofisi inasimama palepale, huku mwenyewe akiingia kazini saa 1 asubuhi na kutoka saa 3 usiku. Wateja hawakuwa tatizo tangu mwanzo. Tatizo ni saa, na saa zinahesabika.

Tuzihesabu. Mwaka wa kazi, ukitoa likizo na sikukuu, una wiki 48. Kwa saa 40 kila wiki unapata saa 1,920. Nusu yake inamezwa na mambo yasiyo ya mteja yeyote: foleni, kodi, leseni, kusoma sheria mpya, kuwajibu wanaoulizia bei tu. Zinabaki saa 960 za kuhudumia. Mteja mpya akishughulikiwa sawasawa anakula saa 17: kikao cha kufahamiana saa 1, kukusanya nyaraka 3, kuchambua na kuandika mpango 6, kuuwasilisha 2, kisha utekelezaji, yaani kufungua akaunti, kujaza fomu na kufuatilia, saa 5. Mteja wa zamani, kwa vikao 2 vya mwaka pamoja na maandalizi na simu za katikati, anakula saa 10.

Mwenye wateja 60 anatumia saa 600 kwao. Zinabaki 360, zinazotosha wateja wapya 21. Mwaka unaofuata ana 81 na saa 810 zimekwenda. Zilizobaki 150 zinabeba wapya 8. Mwaka wa tatu ana 89 na nafasi ya 4. Wa nne ana 93 na nafasi ya mmoja. Hakuna mteja aliyeondoka, na matangazo hata yangeongezwa mara tatu yasingebadili kitu. Wapo wanaoikwepa hesabu hii kwa kupunguza huduma kimyakimya: kikao cha pili hakifanyiki, mapitio yanageuka salamu za WhatsApp za Idi na Krismasi. Kwenye karatasi wana wateja 150. Kiuhalisia wana 90, na hao 60 wengine ni majina tu.

Kabla ya kubadili chochote, pima. Kwa wiki 4 andika kila nusu saa ilikokwenda, katika safu tatu: mteja gani, kazi gani, na nani mwingine angeweza kuifanya. Safu ya tatu ndiyo yenye majibu. Wengi hutegemea kukuta uchambuzi ndio unaokula muda, kwa sababu ndio unaochosha akili. Daftari huonyesha vingine: muda unaishia kwenye nyaraka zinazokuja nusunusu na fomu zinazorudishwa.

Chukua jina la mteja. Kitambulisho cha NIDA kinasoma Khadija Juma Salum. Akaunti ya benki ni Hadija J. Salum. Mkataba wa kiwanja ulioandikwa ofisi ya serikali ya mtaa ni Bi. Hadija Salum, na mwajiri amepeleka michango ya NSSF kwa jina la ndoa. Mshauri anapeleka maombi ya akaunti ya CDS, inayotunza hisa na hatifungani kielektroniki, ili mteja anunue hatifungani, yaani aikopeshe serikali kwa riba, maombi yanarudi kwa kuwa majina hayalingani. Mteja anapigiwa, yuko safarini. Wiki mbili zinapita, mnada wa Benki Kuu aliokuwa anaulenga unapita nazo. Hakuna aliyefanya uzembe, ila saa 3 za mshauri zimepotea kwa herufi moja.

Dawa yake ni karatasi moja, tuiite karatasi ya majina, inayojazwa siku ya kwanza kabisa. Upande wa kushoto orodhesha kila nyaraka. Kulia nakili jina kama lilivyoandikwa humo, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Palipo na tofauti, mteja anaelekezwa kwa wakili kuapa hati ya kiapo, au anarekebisha jina benki, kabla fomu yoyote haijajazwa. Watoto na mwenza nao waingie humo, maana jina la mnufaika kwenye bima likiwa na kasoro, tatizo litajitokeza siku ambayo mwenye kulifafanua hayupo.

Nyaraka zenyewe ziombwe zote kwa mkupuo mmoja, kwa orodha iliyochapwa: salari slipi za miezi 3, taarifa za benki za miezi 6, taarifa za miamala ya simu za miezi 6, taarifa ya michango ya NSSF au PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma), mikataba ya mikopo pamoja na ratiba ya marejesho, polisi za bima, hati au mikataba ya ardhi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Usikubali kuanza uchambuzi kabla orodha haijafika angalau hadi kwenye mikopo. Mshauri mwenye huruma huanza na alichopata, kisha hurudia hesabu mara tatu kila karatasi mpya inapoingia, na saa 6 za uchambuzi zinakuwa 11.

Taarifa ya simu ndiyo inayosema kweli kuliko zote. Benki inaonyesha mshahara ukiingia na kutolewa. Simu inaonyesha ulikokwenda. Humo utaona songesha (mikopo midogo ya M-Pesa) za kila wiki, mchango wa kikoba, ada ya mtoto wa dada, na duka la jirani linalolipwa kila tarehe 28. Madeni yasiyo rasmi mteja hayataji akiulizwa "una madeni?" Muulize hivi: mshahara ukiingia, nani wanapokea pesa kutoka kwako kabla hujanunua chakula? Swali hilo huzaa majina matano sita bila mtu kuona aibu.

Baada ya nyaraka ni mpango wenyewe. Ofisi inayokua haiandiki kila mpango kutoka mwanzo. Inakuwa na violezo vinne: mwajiriwa aliye chini ya miaka 45, mfanyabiashara, mstaafu mtarajiwa, na Mtanzania aliye nje. Maelezo ya jumla hubaki yaleyale; kinachobadilika ni hesabu, na hesabu zitoke kwenye jedwali moja la Excel lililofungwa ili mtu asifute fomula kwa bahati mbaya. Kiolezo cha tano kitahitajika mapema kuliko unavyodhani: cha mteja anayekwepa riba. Ukimpa mpango uliojaa hatifungani za serikali, umepoteza kikao na heshima. Kiolezo chake kianze na majengo, biashara, sukuk (dhamana za uwekezaji zisizo na riba) na hisa zilizochujwa ili kuondoa kampuni za biashara za haramu, na sehemu yake ya mirathi ijue kwamba wosia wa Muislamu hauvuki theluthi ya mali wala haumlengi mrithi.

Kwenye jedwali, kosa linalojirudia ni safu ya hatifungani. Iwe na sehemu mbili zinazotenganishwa wazi: thamani ya uso, yaani kiasi kilichoandikwa kwenye hatifungani, na fedha iliyotoka mfukoni. Mteja aliyenunua hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya 12.56% na thamani ya uso ya shilingi 10,000,000 kwa bei ya 96 kwa kila 100 ametoa 9,600,000. Riba yake inahesabiwa kwenye 10,000,000: shilingi 1,256,000 kwa mwaka, zikilipwa kwa awamu mbili za 628,000. Ukilinganisha na fedha aliyotoa, ni 13.08%. Msaidizi asiyejua tofauti hii ataandika riba ya 12.56% ya 9,600,000, mteja atapokea fedha zaidi ya ilivyoandikwa, atafurahi, lakini kuanzia siku hiyo ataitilia shaka kila namba yako. Vivyo hivyo kwa vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS: jedwali libebe idadi ya vipande na thamani ya kipande kwa tarehe, lisibebe jumla ya shilingi peke yake. Jumla bila tarehe haihakikiki.

Violezo, orodha na jedwali vikishatulia, ndipo inafika zamu ya kuajiri. Mwajiriwa wa kwanza asiwe mshauri wa pili. Hili linabishaniwa sana, na hoja ya wanaopinga inaeleweka: mshauri ataleta wateja wake. Lakini mshauri wa pili kwenye ofisi isiyo na utaratibu anaongeza fujo mara mbili, kwa mshahara mkubwa, na akiondoka anaondoka na wateja. Ajiri msaidizi wa huduma kwa wateja: mtu mwenye mwandiko wa utulivu, anayejua Excel, asiyeona haya kupiga simu mara ya tatu kuulizia nyaraka ileile. Aliyewahi kukaa kaunta ya benki au ofisi ya mikopo ya SACCOS anafaa sana.

Gharama yake iandikwe yote. Kwa mshahara wa 900,000, mchango wa mwajiri NSSF wa 10% ni 90,000 na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, wa 0.5% ni 4,500. Jumla 994,500 kwa mwezi, 11,934,000 kwa mwaka, bila kompyuta na meza. Kama mteja wa kawaida analipa 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka, msaidizi anahitaji ada za wateja 20 ili ajilipe. Anachokurudishia ni hiki: mteja wa zamani anashuka kutoka saa 10 zako hadi 4, na mpya kutoka 17 hadi 8, kwa sababu nyaraka, rasimu ya mpango, fomu na ufuatiliaji vimehamia mezani kwake. Kwa wateja 150 wa zamani unatumia saa 600, zinabaki 360, ambazo sasa zinabeba wapya 45. Yeye atatumia saa zipatazo 1,300 kwa kazi hiyo, hivyo bado ana nafasi ya ankara na miadi. Weka benki gharama yake ya miezi 6, kama milioni 6, kabla hajaanza. Miezi 3 ya mwanzo saa zako zitaongezeka badala ya kupungua, maana unafundisha. Wanaofukuza msaidizi wa kwanza kwa madai ya "haelewi" wengi hufanya hivyo mwezi wa pili.

Kuna mpaka asioruhusiwa kuuvuka, na uandikwe. Ushauri wa uwekezaji kwenye dhamana, yaani hisa, hatifungani na mfano wake, ni shughuli ya leseni chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994. Kampuni inahitaji leseni ya mshauri wa uwekezaji kutoka CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana, na anayetoa ushauri kwa niaba yake anahitaji leseni yake ya uwakilishi. Bima nayo iko chini ya TIRA, mamlaka ya bima. Msaidizi hana leseni. Anaweza kusema salio ni kiasi gani, fomu imefika wapi, kikao ni lini. Mteja akimwuliza "dada, niuze hizi hisa au nisubiri?", jibu lake ni kwamba mshauri atampigia kabla ya saa fulani, na saa hiyo itimizwe. Tumeona msaidizi mwerevu, mwenye nia njema kabisa, akijibu maswali hayo kwa miezi mingi bila mwenye ofisi kujua. Zuia kwa kusikiliza: kila Ijumaa pitia ujumbe kumi wowote wa wiki kwenye simu ya ofisi.

Nimesema simu ya ofisi. Iwepo, na namba yake iwe mali ya kampuni. Picha za vitambulisho vya NIDA, salari slipi na hati za ardhi zikizagaa kwenye simu binafsi za wafanyakazi, siku mmoja akiacha kazi ameondoka na maisha ya watu mfukoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakutaka ujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na uwe na sababu halali ya kila taarifa unayokusanya. Kwa ofisi ndogo utekelezaji wake si mgumu: fomu ya ridhaa inayosainiwa siku ya kwanza na kutaja nani ataona nini; nyaraka inayokuja kwa WhatsApp inahamishiwa kwenye faili siku hiyohiyo na kufutwa kwenye simu; faili zote mahali pamoja, kila mtu na nywila yake; nakala ya akiba nje ya ofisi. Mteja mpya akikabidhiwa fomu ya ridhaa kabla ya kuulizwa mshahara wake, mazungumzo yanayofuata huwa na uwazi zaidi.

Na fedha ya mteja isipite kwako hata kwa dakika moja. Nchi hii inaukumbuka upatu wa DECI uliozimwa 2009, na kila miaka michache huzuka mwingine kwa jina jipya. Mteja alipe mwenyewe kwenye mfuko, benki au kwa dalali wa hisa, kwa akaunti yenye jina lake, na risiti ije kwake. Wewe upate nakala. Atakuja mteja mkubwa, mwenye haraka, atasema "mimi nakuamini, nakutumia wewe uninunulie." Mkatalie papo hapo. Ukikubali mara moja, msaidizi atajifunza kwamba inawezekana.

Sasa kalenda, ambayo pengine ndiyo inayookoa saa nyingi kuliko kingine chochote kwenye makala hii. Mapitio yakifanyika kila mteja anapojisikia, kila wiki ya mwaka inakuwa ya kila kitu. Yakusanye katika misimu miwili. Wa kwanza Februari na Machi. Januari usimwite mtu: ametoka kulipa ada, kodi ya nyumba na nauli za kutoka kijijini, hana fedha wala subira ya kutazama jedwali la mali na madeni. Wa pili Agosti na Septemba, kwa kuwa bajeti husomwa Juni na Sheria ya Fedha huanza Julai 1. Kufikia Agosti viwango vipya vya kodi vimeshaonekana kwenye mishahara na mnazungumza kwa salari slipi mkononi. Ramadhani ikiangukia msimu wa kwanza, vikao viwe asubuhi. Miezi iliyobaki ni ya wateja wapya, semina na masomo.

Ndani ya msimu, panga vikao 4 kwa siku kwa siku 3 za wiki, Jumanne hadi Alhamisi. Hivyo ni vikao 12 kwa wiki, na kwa wiki 8 ni 96. Wateja 150 hawatoshei, na hapo ndipo unapolazimika kuwagawa. Wenye mambo mazito, kama 35, waje misimu yote miwili. Waliobaki 115 waje mara moja kwa mwaka, nusu msimu huu na nusu ule, na katikati wapate kikao cha pamoja cha jioni cha dakika 90 kuhusu jambo moja: mnada wa hatifungani unavyofanya kazi, wosia na namna ya kuuhifadhi RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), bima ya afya. Kila msimu unabeba vikao 92 au 93. Umebakiza vitatu vinne vya dharura, na vitatumika. Saa 4 za kila mteja nilizohesabu hapo juu nazo zitapungua kwa wengi wao. Kilichookolewa kiende kwenye simu za watu wenye misiba, talaka na kuachishwa kazi, ambao hawasubiri msimu.

Kigezo cha mambo mazito kisiwe ukubwa wa fedha. Mwenye milioni 400 kwenye hatifungani na mtoto mmoja aliyemaliza chuo anaweza kutosheka na kikao kimoja. Mwenye duka Kariakoo lisilo na vitabu vya hesabu, nyumba mbili, watoto saba na shamba la urithi Kilombero wanaloligombania na ndugu, huyo atakula saa zako hata kama akiba yake ni milioni 15. Ada ifuate mzigo.

Wiki moja kabla ya kikao, msaidizi anatuma maswali matano: kipato kimebadilika? kuna mtegemezi mpya au aliyeondoka? mkopo mpya au dhamana uliyomwekea mtu? kuna jambo la afya? kuna ununuzi mkubwa unaokuja ndani ya miezi 12? Swali la tatu, la kumdhamini mtu, lisikose kamwe; watu husaini udhamini wa mkopo wa shemeji na kuusahau hadi simu ya afisa mikopo. Kikao kiwe dakika 60, na muhtasari utoke ndani ya saa 48: ukurasa mmoja, mambo yasiyozidi matatu, kila moja na jina la mhusika na tarehe. Muhtasari wa kurasa nne hausomwi.

Wateja wapya watoke wapi? Njia inayolipa kuliko nyingine kwa ofisi ya ukubwa huu ni waajiri: shule binafsi, hospitali, migodi ya kanda ya ziwa, mashirika. Semina moja inakupa watu 40 wenye mishahara, mfuko mmoja wa hifadhi, na maswali yanayofanana, yaani kiolezo kimoja. Waajiri wengi hukuita kwa ajili ya wastaafu watarajiwa, na hukuita mtu akiwa na miaka 59. Kwa umri wa kustaafu wa lazima wa 60, huyo umebakiza kumzuia tu asinunue daladala. Sisitiza orodha iwe ya waliofika 45 hadi 50, kwa kuwa hiari ni miaka 55 na wengine huondoka hapo. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kitaulizwa ndani ya dakika kumi za mwanzo, kwa ukali. Uwe umekokotoa mifano miwili kwa kanuni zinazotumika siku hiyo, ukutani, kwa mshahara unaofanana na wa waliokaa mbele yako. Ukijibu kwa maneno matupu umepoteza ukumbi. Usiuze kitu siku hiyo. Pitisha karatasi ya miadi ya dakika 40 kwa kila anayetaka, zifanyike palepale kazini ndani ya wiki mbili.

Kwenye mkataba na mwajiri, kumbuka atakata kodi ya zuio ya 5% kwenye ada yako. Kwa semina ya 1,500,000 utapokea pungufu ya 75,000. Dai cheti cha zuio palepale malipo yanapofanyika, kwa sababu ndicho kitakachokuruhusu kuipunguza kwenye kodi yako ya mwaka. Ukikumbuka Desemba, mhasibu aliyelipa ameshahama. Na waajiri hulipa kwa kuchelewa, hivyo mshahara wa msaidizi usitegemee fedha hiyo.

Kwa ada za wateja binafsi, 50,000 ya kila mwezi kwa Lipa Namba inaonekana rafiki, hadi unapofikisha wateja 150. Ni malipo 1,800 kwa mwaka, risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) 1,800, na msaidizi anayetumia siku tatu za kila mwezi kukumbusha watu. Hamia robo mwaka, 150,000 kwa mara moja, kwa agizo la kudumu la benki inapowezekana: malipo yanashuka hadi 600. Anayeshindwa kulipa 150,000 kwa robo huenda hahitaji huduma ya mwaka mzima. Muuzie mpango wa mara moja na umwache huru. Kamisheni za bima ni mtego mwingine. Zinavutia kwa sababu zinakuja kubwa mwanzoni, lakini mteja akigundua mwenyewe kwamba ulilipwa kwa kumshauri achukue polisi fulani ya bima, ada yako ya ushauri inakosa maelezo. Ama usizipokee, ama ziandikwe kwa shilingi kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango.

Wapo wateja wa mwanzo wanaolipa 20,000 kwa mwezi kwa sababu ulianza hivyo. Usiwapandishie wote siku moja. Anza na wanaotumia saa nyingi, waambie uso kwa uso kwenye kikao cha mapitio, barua ifuate, na mabadiliko yaanze siku 90 baadaye. Wachache wataondoka. Wape faili lao lote, limepangwa vizuri, pamoja na namba za akaunti zao zote, wengine watarudi.

Walio nje ya nchi, Muscat, London au Houston, ni kundi zuri lakini linahitaji swali moja kabla ya mengine: uraia. Tanzania hairuhusu uraia pacha, na aliyechukua pasipoti nyingine haingii kwenye ardhi na uwekezaji kwa milango ileile. Pia sheria za nchi anayoishi zinaweza kukuzuia kumshauri kuhusu mali zake za huko; mkataba wako useme wazi unashughulikia za hapa tu. Vikao vyao vipange jioni ya Dar es Salaam, na ada yao itajwe kwa sarafu moja tangu mwanzo.

Mshauri wa pili anaingia wakati saa zako za wapya zinaanza kubana, na leseni yake iombwe mapema kwa sababu hatakaa mbele ya mteja peke yake bila hiyo. Makabidhiano yaende kwa vikao vitatu. Cha kwanza unaongoza wewe, yeye anaandika muhtasari na kuusaini. Cha pili anaongoza yeye, wewe umekaa pembeni na unajibu ukiulizwa tu. Cha tatu unaingia kusalimia, unatoka. Anza na wateja 20 wa mambo mepesi, kamwe usianze na wale wasumbufu unaotaka kuwakwepa, maana atawapoteza na utasema hafai. Mkataba wake ueleze kwamba wateja ni wa kampuni, na mgawo wake uhesabiwe kwa wateja waliobaki mwisho wa mwaka badala ya waliosajiliwa. Baada ya kikao cha tatu mteja bado atapiga namba yako ya zamani. Pokea, msalimie, msikilize, kisha muunganishe na mshauri wake simu ikiwa bado hewani; ukimjibu mwenyewe, hata swali dogo la salio, wiki ijayo atapiga tena kwako.